Fuata maji utakuta magofu: kutoka Masoko na Matema mpaka Isimila na Chunya

Watu wakija Mbeya wakauliza waende wapi wikiendi, jibu wanalolitegemea ni Ziwa Ngozi, wapande kule msituni wapige picha ya lile ziwa washuke wakale zao Uyole. Ngozi ni pazuri sana, hilo sibishi, ila Ngozi huogelei, kuta za lile shimo ni mteremko wa kutisha na wenyeji wanaliheshimu ziwa lao, wewe unaangalia kutoka juu unarudi. Mimi napenda safari ya kulowa. Na napenda vilevile safari ya kukuta ukuta wa zamani nikauwekea mkono nikafikiria nani aliupanga. Wengi wanaona hizo ni safari mbili tofauti, za maji na za historia, lakini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini vinakaa sehemu moja. Yani ukifuata maji utakuta magofu. Na wala sio bahati, kila aliyewahi kuweka kitu cha maana huku, awe Mkwawa mtawala wa Wahehe, awe Mjerumani, awe mchimba dhahabu, hata wale watu wa zama za mawe kabisa, swali lake la kwanza lilikuwa maji yako wapi.

Tuanze na Masoko maana ndipo ninapopapenda kuliko kote. Unapanda kosta Nane Nane mpaka Tukuyu, ukifika Tukuyu unatafuta gari za Masoko au unachukua boda, ni kilomita kama 15 hivi kwenye njia inayoshuka kuelekea Mbambo na Ipinda, migomba kushoto kulia, watu wametandika maparachichi barabarani, na kila mnavyoshuka unasikia hewa inabadilika, lile baridi la Tukuyu linakuacha taratibu unaanza kufungua koti. Mara unaona ziwa. Ni la mviringo, limezungukwa na miti, maji yake ya kijani kibichi iliyokolea, na halina mto mkubwa unaoingia wala kutoka, limekaa tu pale peke yake. Ni shimo la volkano. Wenyeji wanaliita Kisiba, kwenye ramani nyingi utakuta limeandikwa Masoko. Kwa macho unaliona dogo, ila kina chake kinapita mita 30, na pembeni hakuna ule mchanga wa kutembea taratibu maji yakupande kidogokidogo, hapana, hatua chache tu na miguu haipati chini. Kwa hiyo kama hujui kuogelea unakaa pale kwenye mawe ya ukingoni, unajimwagia, inatosha, na hata hivyo utafurahi.

Sasa pembeni kabisa mwa hayo maji kuna boma. Jengo la mawe, kuta nene, lilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1912 na 1914 hivi kwa ajili ya kombania yao ya tano ya jeshi, na mpaka leo linatumika, ni mahakama ya mwanzo. Hili jambo linanigusa sana kila nikifika. Unakuta mama wa watu amekaa kwenye kivuli anasubiri kesi yake ya shamba, amejifunga kitenge, mtoto mgongoni, ameegemea ukuta ambao askari walikuwa wanaegemeza bunduki zao miaka zaidi ya mia iliyopita. Hakuna kiingilio wala uzio. Ukifika siku ya kazi kuwa mstaarabu tu, salimia, jitambulishe, usianze kupiga picha watu wenye shida zao mahakamani.

Hadithi kubwa ya Masoko ni hela. Mwezi wa tano 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Mwingereza yakiongozwa na Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yani Malawi na Zambia za leo, Wajerumani wakaiachia Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu-Langenburg, wakarudi nyuma kuelekea kaskazini mashariki. Wenyeji wanasimulia kwamba kabla ya kuondoka walizitosa ziwani hela za jeshi na silaha ili Mwingereza asizipate. Na hela kweli zimekuwa zikitoka. Mzee mmoja tuliyekaa naye pale juu ya ziwa, baada ya "mwaghonile baba" na maongezi marefu ya wapi tumetoka na ukoo gani, aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti akatoa kitambaa, akakifungua polepole. Ndani kuna heller moja. Ndogo, ya shaba, imeshakuwa kahawia inayoelekea kijani kwenye kingo, upande mmoja taji na mwaka 1912 unasomeka vizuri ukiigeuzia jua, upande wa pili 1 HELLER ndani ya duara la majani. Mia kama hizo zilikuwa zinafanya rupia moja. Akaniwekea kiganjani akaniacha niishike muda nilioutaka, hakuniharakisha.

"Hii aliitoa baba yangu," akasema. "Alikuwa anazama na jiwe."

Nikamuuliza, na wewe mzee umewahi kuzama?

"Aah. Mama alinikataza. Alisema Mjerumani alikimbia na roho yake hela akaiachia maji, basi yaacheni maji na hela yake."

Akaikunja tena kwenye kitambaa akairudisha. Hakuwa anauza na mimi sikuuliza bei, na hapa niseme ninachokiamini, vijana wakikuletea hizi sarafu pale ziwani usinunue. Kila inayonunuliwa leo kesho inampeleka kijana mwingine chini kutafuta nyingine, bila kifaa chochote, kwenye maji ya kina kile, na wengine ni watoto wa shule. Kaa na wazee wakusimulie, nunua ndizi, nunua parachichi, lipa boda vizuri, kijiji kitapata hela yako bila mtu kuhatarisha mapafu yake.

Kitu kingine kuhusu lile ziwa ambacho watu wengi hawakijui, wanasayansi waliwahi kutoboa tope la chini yake wakatoa nguzo ndefu za udongo uliotulia tabaka kwa tabaka, wakasoma humo hali ya hewa ya miaka zaidi ya 40,000 iliyopita, lini mvua ilikuwa nyingi, lini ukame, lini nyasi zilishika nafasi ya miti, lini volkano za huku zilitema majivu. Yani pale unapooga wewe chini yako kuna maktaba. Mimi nikijua hivyo hata kupiga mbizi napiga kwa adabu.

Kutoka Tukuyu upande wa barabara ya Kyela kuna maporomoko ya Kaporogwe. Unashika lami mpaka Ushirika halafu unaingia ndani kwa njia ya vumbi, boda zipo, mwambie kabisa unaenda na kurudi maana ukimwachia kule kumpata mwingine jioni ni kazi. Maji yanaanguka kwenye ukingo wa mwamba karibu mita 40 hivi, na uzuri wake ni kwamba nyuma ya maji kuna pango, pana, unaingia unasimama mkavu unaangalia pazia la maji kutokea ndani, sauti ni kubwa mpaka mnaongea kwa mikono. Nalo lina hadithi ya vita ile ile, wenyeji wanasema Wajerumani walijificha humo. Ukikaa mle ndani unaelewa kwa nini mtu angelichagua, anayepita nje hakusikii, hakuoni, na maji ya kunywa yanadondoka mlangoni.

Bwawa la chini ndilo la kuogelea. Ni baridi, tena baridi ya kukata pumzi ile dakika ya kwanza, halafu mwili unakubali. Ila usikae chini kabisa maji yanapoangukia, mawe hudondoka na mkondo unavuta, kaa pembeni yanakotulia. Na msimu wa mvua acha kabisa. Rungwe mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, huko ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchi nzima, kwa hiyo hata wewe ukiona jua hapo ulipo huwezi kujua juu mlimani kunanyesha kiasi gani, mto unaweza kujaa ukiwa ndani. Mimi naenda kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi.

Daraja la Mungu na Kijungu nitavipitia haraka maana sio vya kuogelea na naomba mtu asijaribu. Vyote viko kwenye mto Kiwira. Daraja ni mwamba wa volkano uliobaki umeunganisha kingo mbili huku mto ukipita chini yake, na Kijungu ni pale mto wote unapoingia kwenye shimo la mwamba ukazunguka na kuchemka kwa povu halafu ukatokea upande wa pili. Kijungu kipo eneo la Chuo cha Magereza Kiwira kwa hiyo unaomba ruhusa getini ndio unashuka. Mawe yana utelezi, hakuna cha kushika, aliyeteleza pale hana pa kutokea. Angalia, sikiliza, ondoka.

Ukishaoga baridi ya Rungwe utatamani joto, na joto liko Matema. Unaendelea kushuka, Kyela, Ipinda, lami inafika, unapita mashamba ya mpunga na miti ya kakao mpaka milima inakusimamia mbele na ziwa linafunguka. Ziwa Nyasa lina kina cha mita karibu 700, na hapo Matema safu za Livingstone zinaingia moja kwa moja majini, nafasi ya barabara ni shida, ndio maana tangu zamani kwenda vijiji vya mbele ni mtumbwi au miguu kwenye njia za kupanda na kushuka. Maji ni angavu, unaona vidole vyako vya miguu ukiwa umezama mpaka kifuani, na samaki wadogo wa rangi wanakuja kukuangalia kwenye mawe. Asubuhi wavuvi wanarudi na usipa, magege, ukibahatika mbasa, mnachomewa hapohapo na wali wa Kyela na mimi siku hizo sihitaji kitu kingine duniani.

La afya niliseme wazi kwa sababu nawapenda. Kichocho kipo ziwani. Konokono wake wanapenda zaidi maji yaliyotulia yenye matete na majani kuliko ule mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi, kwa hiyo oga panapopigwa na mawimbi, ukae mbali na midomo ya mito, na kwenye midomo ya mito kuna mamba pia, wenyeji watakuonyesha hapa ndio na hapa hapana, wasikilize. Ukirudi nyumbani subiri wiki kama sita hivi nenda kapime, dawa ipo na inatibu, sio ugonjwa wa kukaa nao.

Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema. Wakisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe na jirani, vyungu vyembamba vyekundu vyenye michoro meupe, vimepangwa mchangani, wanawake ndio wanaofinyanga. Sisi tulipanda mtumbwi tukaenda Ikombe kwenyewe tukaona wanavyofanya. Hakuna gurudumu. Mama anaweka bonge la udongo, anazunguka yeye, kiuno kimeinama, anavuta udongo kwenda juu kwa vidole, analainisha kwa kipande cha kibuyu, hata haangalii mikono yake, anaongea na wewe. Maji ya ziwa yako hatua chache, udongo uko karibu, na biashara imepita majini tangu enzi na enzi.

Na hapo ndipo palipo na mji uliokufa ninaoufikiria kila siku. Huko mbele ya Ikombe, chini ya milima hiyo hiyo, kwenye ghuba ya Lumbila, miaka ya 1890 Wajerumani walianzisha kituo wakakiita Langenburg, jina la mkuu mmoja wa kwao aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao cha makoloni. Kilikuwa makao ya wilaya nzima. Ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alileta meli vipande vipande kupitia Zambezi na Shire, ikaungwa huko kusini, ikawekwa ziwani mwaka 1893 kwa jina lake, na kituo kilikuwa bandari yake. Fikiria, ofisi, askari, bendera, barua zinakuja kwa meli, yote hayo kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya mlima na maji. Halafu ilipofika mwaka 1900 hivi wakahamisha makao kwenda juu kwenye baridi, Tukuyu, ndio maana ikaitwa Langenburg Mpya. Huku chini joto, malaria, na hakuna pa kupanukia. Mji ukahama ukaacha jina tu. Meli yenyewe nayo vita iliikuta hapohapo ziwani, tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa kwenye matengenezo Sphinxhaven, yani Liuli ya leo, Mwingereza akaja na meli yake Guendolen akaipiga mzinga, nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari hata kwamba vita imeanza.

Mimi nimefika Ikombe tu, Lumbila bado. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa tupande juu, Iringa. Ukishuka Iringa sema "kamwene" kila mahali uone watu wanavyofunguka. Isimila iko pembeni mwa barabara kuu ya Mbeya, kama kilomita 20 kabla hujaingia Iringa mjini, na ni bonde kavu. Ndio, kavu, na bado naliweka kwenye safari za maji kwa sababu lilikuwa na maji. Zamani za kale, kati ya miaka 260,000 na 300,000 iliyopita kwa makadirio ya wataalamu, palikuwa na ziwa dogo la kina kifupi hapo, viboko wa aina ambayo leo haipo tena walikuwa wanaoga humo, mifupa yao imepatikana, na watu walikuja ukingoni kuwinda na kuchinja. Zana zao za mawe ziko palepale chini, nyingi mno, shoka za mkono zimechongwa pande mbili mpaka zimekuwa na umbo la tone. Ulimwengu wa sayansi ulizijua mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Johannesburg alipopita akaokota baadhi, uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958. Kuna kiingilio, kuna kijumba cha makumbusho, na mwongozaji wa pale anajua kazi yake, anakuokotea moja anakuwekea mkononi anakwambia shika hivi. Kidole gumba chako kinakuta mahali pake. Sikutegemea jambo hilo lingenitoa machozi lakini lilinitoa. Baada ya hapo unashuka kwenye korongo lenye nguzo za udongo, ndefu, zimesimama zenyewe, mmomonyoko umekula kila kitu ukaziacha hizo, na ni maji hayo hayo yaliyofanya, mvua za miaka na miaka. Jiwe ulilopewa lirudishe chini. Naomba sana. Usiweke hata moja mfukoni.

Kalenga nayo ipo upande wa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 15 kutoka mjini, kando ya mto Ruaha Mdogo. Ndio ngome ya Mtwa Mkwawa ilipokuwa. Wajerumani walimshambulia baada ya yeye kuwapiga vibaya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 ambapo kamanda wao Zelewski alikufa, na mnara upo Lugalo pembeni ya barabara kuu ukielekea Morogoro. Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya kupigwa mizinga. Usitegemee kuta ndefu kama za kwenye sinema, kilichobaki ni kidogo, vipande vya ukuta wa udongo na nyumba za watu zimejengwa juu na pembeni, lakini ndani ya makumbusho kuna fuvu lake lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954, na mwenye kutunza akianza kueleza sauti yake inabadilika. Mkwawa hakukamatwa, alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Ukimaliza shuka mtoni ukae. Ruaha Mdogo una sehemu zenye mwamba na vibwawa vya kujimwagia, waulize vijana wa pale wanaoga wapi na uoge hapohapo.

Nimeiacha Chunya mwisho kwa sababu nina mengi ya kusema kuhusu Chunya.

Barabara ya Chunya kutoka Mbeya yenyewe ni safari. Unapanda safu ya Mbeya kwenye misitu na ukungu, unasimama World's End, bonde la Usangu lote liko chini yako mpaka macho yanaishiwa, halafu unashuka upande wa pili kwenye nchi nyingine kabisa, miombo, joto, ardhi nyekundu, kilomita kama 70 kwa jumla na lami ipo. Dhahabu ya Lupa, yani ya eneo hilo la Chunya, ilianza kupatikana mwaka 1922, na miaka iliyofuata watu walimiminika, Wazungu, Wahindi, Waafrika kutoka kila upande, wakichekecha mchanga wa mito na vijito. Hata Mbeya mjini tunakoishi ilianzishwa 1927 kwa sababu ya ile dhahabu, kwa hiyo kila mtu wa Mbeya ana deni la kwenda kuiona Chunya walau mara moja. Baadaye migodi mikubwa ikafungwa, Saza ulikuwa mkubwa kuliko yote ya huko ukafungwa 1956, na maduka yakafungwa, na watu wakahama.

Nenda katembee kwa miguu kwenye mitaa ya zamani. Utaona maduka yenye varanda na nguzo, milango ya mbao mipana yenye mabawa mawili, komeo la chuma limeliwa na kutu, mabati ya zamani yale mazito. Nilisimama mbele ya mlango mmoja muda mrefu. Rangi ilikuwa ya buluu, imebanduka tabaka tabaka, chini ya buluu kijani, chini ya kijani kitu cheupe, na kwenye kizingiti cha saruji pamelika katikati, pamebonyea, kwa miguu ya waliokuwa wanaingia kununua. Bibi wa nyumba ya pili akatoka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia naangalia mlango. Akasema, "Huo mlango tulikuwa tunakuja kununua pipi, mwanangu." Akanitolea kigoda.

Lakini Chunya sio maiti, na hili ndilo linalonifurahisha. Dhahabu imerudisha watu, mwaka 2019 likafunguliwa soko la dhahabu, makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yanalia mchana kutwa huko Makongolosi na kwingine, nyumba mpya zinaota. Wasiwasi wangu ni kwamba mji unaofufuka kwa haraka haubakizi ule wa zamani. Tofali za kuchoma za zamani ni imara, na mbao za mninga za milango ile zinauzika, na anayejenga leo hana kosa, anahitaji nyumba. Ningetamani halmashauri ichague hata mtaa mmoja tu, iweke kibao, iwaombe wenye majengo wayaache yalivyo, vijana wa Chunya wajifunze kuwatembeza wageni walipe. Masoko mahakama imelilinda boma kwa kulitumia tu kila siku. Chunya nao wanaweza, duka la zamani likawa duka tena, mgahawa, ofisi ya kata, chochote, mradi lina mtu ndani.

Na kuhusu maji ya Chunya sikiliza vizuri. Ukizunguka maporini utakuta mashimo ya zamani yamejaa maji, mengine yanaonekana masafi, ya buluu, yanakuita kabisa siku ya jua. Usiingie. Haya ni maduara ya wachimbaji, yanashuka wima, kingo zinamomonyoka, hakuna pa kupandia, na mengine hata nyasi zimefunika mdomo wake huoni mpaka umetumbukia, kwa hiyo tembea na mwenyeji na watoto washikwe mkono. Halafu dhahabu huku inakamatwa kwa zebaki na marudio, yani mabaki ya mchanga uliokwisha kusagwa, yanachenjuliwa kwa sianidi, kwa hiyo dimbwi lolote karibu na karasha au mabwawa ya marudio usilishike hata kunawa. Hata kile kijito kinachopita chini ya eneo la uchenjuaji kiache. Kuoga utaoga ukirudi gesti.

Haya, Lumbila. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wa mwera unapiga sana Nyasa, mawimbi yanakuwa makubwa na mitumbwi mingi haiendi mbali, kwa hiyo nimepanga mwishoni mwa mwezi wa tisa au wa kumi mwanzoni ziwa likitulia. Mipango ni kulala Matema, kuondoka alfajiri kabla ya upepo, jaketi za kuokolea kwa kila mtu bila mjadala, mwenye boti awe mtu wa Ikombe anayezijua zile ghuba, na tukifika Lumbila kitu cha kwanza ni ofisi ya kijiji na wazee, tuombe watuonyeshe palipokuwa kituo na watuambie babu zao walipaitaje kabla Mjerumani hajafika. Kama umekulia upande ule au una ndugu Lumbila anayeweza kutupokea niambie, nafasi kwenye boti bado zipo na gharama ya mafuta tunachangia sawa.